Mrukaji wa Siwema

Kwenye simu yake, Siwema alimchagua mrukaji ambaye wapangaji wengine wa timu walimkwepa, kijana mrefu wa kurukia mpira mwenye bandeji magotini.

"Huyu ndiye wa kukushindia?" shangazi yake aliuliza, akiinamia simu. "Mbona kama mlingoti wa bendera?"

"Mwenzake wa kupokezana naye ameumia, shangazi. Leo ataruka peke yake mechi nzima."

"Na akiruka tu anapewa pointi?"

"Akiuwahi mpira na kuwapigia wenzake."

"Hata akianguka kama gunia?"

"Hata akianguka."

Shangazi akacheka, akavuta kigoda karibu.

Mchezo huo wa simu, wa kupanga timu yako kwa wachezaji halisi wa mpira wa Kiaustralia na kuhesabiwa pointi zao, Siwema alifundishwa na kaka yake, Haruni, aliyehamia Australia. Walikuwa na sharti moja: anayeshindwa anampigia mwenzake simu. Kila wiki Siwema alishindwa, na kila wiki alipiga yeye. Leo alitaka kujua kama Haruni angepiga.

Kwenye kioo cha simu, mwamuzi akarusha mpira juu. Mrukaji akapaa, akauwahi, na pointi za Siwema zikapanda. Akaanguka, akainuka akichechemea, akapaa tena, na ikawa hivyo mpaka king'ora cha mwisho kilipolia. Siwema alikuwa amemshinda kaka yake.

"Mpigie umtambie!" shangazi alisema.

"Hapana, shangazi. Leo ni zamu yake."

Wakakaa wakiitazama simu. Mwanga wake ulipoanza kufifia, Siwema aligusa kioo taratibu kwa ncha ya kidole, kikawaka tena.