Mlinzi wa Haji Khalaf

Gongo la Dahi lilitua kwenye kichwa cha mtu wa tatu, damu ikaruka mpaka kwenye mlango wa shule walimopigia kura.

"Nani mwingine?" akanguruma. "Nani anamzuia Haji Khalaf?"

Haji Khalaf, mgombea mwenyewe, alikuwa amejibanza nyuma yake, kilemba kimemfunguka. Alikuwa mkulima wa vitunguu, na kiti cha bunge kule Kairo alikitamani kama mgonjwa anavyotamani maji.

"Rudi shambani, wewe kitunguu!" mmoja akamzomea.

Dahi akamvunja taya.

Kijiji kizima kilikuwa na kitendawili na hakuna aliyekitegua. Miaka mitano nyuma, Haji Khalaf alimpiga risasi baba yake Dahi, mtu mkubwa aliyeheshimika mkoa mzima, wakigombania maji ya mfereji. Juzi juzi akamjia Dahi amebeba sanda yake mwenyewe mikononi, kama afanyavyo anayeomba asamehewe damu. Dahi hata hakuigusa.

"Yaache hayo, ami. Wewe gombea ubunge. Nitakupigania."

Haji Khalaf alilia kwa furaha siku hiyo.

Sasa bunduki ikachungulia juu ya ukuta wa shule. Dahi akamrukia mzee, wakaanguka wote, risasi ikamchana Dahi bega.

"Usife, ami!" alimpigia kelele usoni. "Leo usife!"

"Sifi, mwanangu. Lakini unanibana mbavu!"

Jioni walihesabu majeruhi thelathini na maiti mbili.

Kesho yake adhuhuri matokeo yakatangazwa: Haji Khalaf ameshinda. Wanawake wakapiga vigelegele, ndama akachinjwa. Dahi akaja, bega limefungwa kitambaa, akamkuta mzee peke yake chumbani akijaribu tarbushi mpya.

"Karatasi ya serikali imeshafika?"

"Hii hapa, ina muhuri!" Haji Khalaf akacheka. "Mbunge kamili! Hebu niambie mwanangu, kwa nini ulinipigania hivi?"

Dahi aliisoma karatasi mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akamrudishia. Kisha akatoa bastola ndani ya kanzu.

"Baba uliyeniulia alikuwa mbunge, ami. Ningelipiza kwa mkulima wa vitunguu, watu si wangenicheka?"