Sare ya Mchezo

Kitu cha kwanza alichokiona Siwema kilikuwa kola: sare waliyompa ilikuwa mpya kabisa, haina hata alama ya jasho.

Mwongozaji, mgeni kutoka nchi ya mbali, alikuwa amesimamisha mazoezi mara tatu. Mchezo ulihusu msichana aliyeachishwa shule, na Siwema, aliyemwigiza, alitakiwa airarue sare yake kwa hasira. Siwema kila mara aliikunja tu.

"Rarua, mwanangu!" alisema Bwana Chande, mkalimani. "Mgeni anasema wazazi wakiiona hasira ndipo watawarudisha mabinti zao shule."

"Kwetu hakuna anayerarua sare," Siwema alinong'ona.

"Kumbe leo ana ulimi!" alicheka Rukia, mwigizaji mwenzake. "Kama huwezi, niachie mimi, shoga. Nitaichana mpaka vifungo viruke."

Mwongozaji akajishika kichwa, akasema maneno mawili matatu.

"Hii ndiyo mara ya mwisho," Bwana Chande akatafsiri. "Ukishindwa, anaingia Rukia."

Siwema aliishika sare mabegani. Kisha akaikunja tena, taratibu, mikono kwa ndani. Akashuka jukwaani, akaiweka mapajani mwa mwongozaji.

"Yangu niliifua," alisema, na ukumbi mzima ukamsikia. "Nikaipiga pasi, nikamvalisha mdogo wangu, nikamsindikiza mpaka getini. Na mimi ndiye niliyekuwa najua hesabu."