Mama Radi Hakukimbia

Filamu ya Mama Radi, shujaa wa hadithi za watoto, ilipotengenezwa upya, vitabu vyake vyote vilijibadilisha maneno vifanane nayo vikiwa majumbani mwa watu, kama sheria ilivyotaka. Asubuhi hiyo Zuhura alimletea mama yake kitabu.

“Mama, hapa wanasema Mama Radi aliruka zake akawaacha watu darajani. Kwani baba alikuwa ananidanganya?”

Mwasiti aliacha kukanda unga. Marehemu mumewe Kibwana alikuwa akimsomea mtoto ukurasa ule kila jioni, na humo Mama Radi alilishikilia daraja mpaka mtu wa mwisho akavuka.

“Baba yako hakuwa mwongo. Kaa hapa.”

Akafungua kitabu, akasoma maneno ya zamani kwa moyo, akinguruma palepale alipokuwa akinguruma Kibwana.

“Msomaji, fuata maandishi,” kitabu kikasema.

“Nyamaza, karatasi we! Wewe ulikuwepo?”

Zuhura akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

“Msomaji, jina lako litapelekwa kwa wakaguzi.”

“Lipeleke,” alisema Mwasiti, “na uliandike vizuri: Mwasiti, mjane wa Kibwana. Haya mwanangu, fungua dirisha, tusome na majirani wasikie.”