Jibu la Asubuhi

Abiria wote walikuwa wameshateremka bandarini Moroni, na Asmahane hayumo. Kompyuta ya ofisi ya meli bado ilisema: amepanda.

"Hilo ni jibu la asubuhi, mama," karani alisema. "Mashine imelishika kichwani, isizisumbue kumbukumbu kuu za Mutsamudu, alikopandia, kila mara."

"Basi zisumbue! Binti yangu yuko wapi?"

"Sharti nilifute hili kwanza. Na tangu kisiwa chao cha Nzwani kijitenge, laini ya huko inakatika ovyo. Ikikatika, tutabaki bila jibu lolote."

Mama yake Asmahane, mjane, alilitazama lile neno la kijani kwenye kioo. Tangu asubuhi lilimtuliza. Sasa lilimkera kama uongo.

"Futa, mwanangu. Bismillahi."

Neno likatoweka. Kijistari kikawa kinawaka na kuzimika mahali pake, kikisubiri jibu la Mutsamudu. Kidole cha mjane kilisimama juu ya punje moja ya tasbihi, hakikwenda mbele.