Makaburi Yasiyochorwa

Persis alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kupiga deki shuleni, miguu ikiwaka moto, mzee jirani alipoingia bila hodi. Wiki hiyo ufukwe wao wa barafu ulikuwa umeporomoka na bahari kumeza makaburi yote ya kijiji.

"Mwanangu, umeuchora ufukwe huu miaka ishirini bila kufundishwa na mtu. Nionyeshe alipolala mke wangu."

Persis aligeuza mbao alizochorea picha, mmoja baada ya mwingine. Barafu, mawe, ukungu, sili, wale wanyama wa baharini, wamelala ufukweni. Makaburi aliyaruka kila mara, akiona yanaharibu picha.

"Sili umemchora hadi sharubu," mzee alisema, "mke wangu hukumwona?"

Persis alichukua ubao alioupenda kuliko yote, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe.

"Keti, Babu. Msalaba wake ulisimama wapi?"