Nakala kwa Bi Mwanakheri

Siku ya kufuta kumbukumbu zote za kompyuta ilipofika, kompyuta yetu ilibaki tupu kama za nyumba zote mtaani. Sheria inaruhusu kila nyumba nakala moja tu, nayo itunzwe na jirani. Mjukuu wangu Nasra alitaka tumpe mwalimu mwenye kabati la chuma. Mimi nilimpa Bi Mwanakheri, anayeweka diski za watu ndani ya pipa la mchele.

"Bibi, sauti ya babu ikipotea usinililie," Nasra alinionya. Marehemu Shomari, mume wangu, hakuacha rekodi nyingine.

Asubuhi iliyofuata Bi Mwanakheri akabisha hodi, mkononi sahani yangu niliyompelekea diski, sasa imefunikwa kwa kawa. Ndani mlikuwa na visheti, na katikati yake diski yetu, imefungwa vizuri kwenye kitambaa safi.

Nasra akaichomeka. Shomari akacheka, akauliza chai yake iko wapi. Nilipiga vigelegele mpaka watu wakatoka nje!

"Haya, nani alichagua vibaya?"

"Nimekoma, bibi."

"Nimewaongezea kidogo humo kwenye diski," akasema Bi Mwanakheri. "Sahani ya jirani nairudishaje tupu?"

Nasra akafungua hiyo nyongeza. "Umekua, Nasra," Shomari akasema, kwa sauti yake ileile. Nasra akalia kwa furaha.

Alizaliwa miaka mitatu baada ya mazishi ya babu yake.

Nilimshukuru Bi Mwanakheri kwa moyo wote, maana ule ulikuwa wema. Ila sasa, Shomari akianza kusema, nangoja kwanza nijue kama ni yeye.