Mikono Midogo ya Lambert

Alipoulizwa bastola hiyo itashikwa na mkono wa nani, Lambert aliingiza mikono yake mifukoni.

"Wa mwanamke," akajibu.

Alikuwa amekuja mpaka duka hili la silaha, kwenye mtaa wa magereji huko Jeppestown, akitumaini kuhudumiwa kwa Kiingereza na mtu asiyemjua wala asiyemjali. Badala yake alimkuta Rosalia, binti ambaye mama yake ni Mtanzania. Rosalia aliitambua lafudhi yake ya Kiswahili tangu neno la kwanza, akamgeuzia Kiswahili.

Lambert alikuwa mlinzi mwenye silaha, mrefu wa kuinamia milango. Mungu, baada ya kutumia udongo wote huko juu, alimmalizia kwa viganja vya mtoto wa kipaimara. Kidole chake kiliifikia triga kwa ncha tu, na kila alipofyatua, mdomo wa bastola ulivutika kando. Kwenye mtihani wa kulenga shabaha aliikosa karatasi nzima. Mkufunzi akamwambia atafute vibao vyembamba vya kufunga ubavuni mwa mpini, vinavyofaa mikono midogo. Akikosa tena, atanyang'anywa bastola na kupelekwa kulinda maegesho ya magari kwa filimbi.

Rosalia alimpangia vibao kwenye kaunta: vya mbao vilivyovimba, vya mpira, vya plastiki vyembamba kama biskuti. Akaeleza kwamba huwa wanapima kutoka kwenye shina la gumba mpaka pale kidole kinapoigusa triga, kwa hiyo ingefaa huyo mama aje mwenyewe.

"Mikono yake na yangu," Lambert alisema, akiutoa mmoja taratibu kama mtu anayeonyesha kidonda, "inalingana."

Rosalia aliupima. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimchagulia vibao vyembamba kuliko vyote, ndani ya pakiti yenye picha ya mkono wa kike, kucha nyekundu.

Pakiti hiyo mkewe, Brigitte, aliikuta kwenye mfuko wa suruali ya kazi alipotaka kuifua.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu mwanamke huyo ni nani.

Lambert angeweza kusema vibao ni vyake, mambo yakaisha hapo hapo jikoni. Lakini huyu ndiye Lambert aliyewasimulia watu wa kanisani jinsi alivyomnyanyua jambazi kwa mkono mmoja. Ndiye aliyemwambia Brigitte, siku za uchumba wao, kwamba mikono yake ilisinyaa kwa homa na itarudi. Mpaka leo ilikuwa haijarudi.

Akanyamaza. Na mume akinyamaza mbele ya kucha nyekundu, hakuna mke anayehitaji mkalimani.

Jumapili, baada ya ibada, kesi ilipelekwa mtaa wa Observatory, nyumbani kwa wasimamizi wa ndoa yao: parrain Firmin na mkewe, marraine Murielle. Hao ndio waliosimama nao madhabahuni, na ndio wa kwanza kuitwa mke na mume wakishindwana.

Murielle alitandika kitambaa cheupe mezani, akaleta Fanta, akakaa wima kama hakimu. Firmin hakuweza hata kukaa. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alisema mambo ya namna hii ni ya kuombea tu, kisha watu wapate chakula, waende nyumbani. Alimnong'oneza Lambert kwamba mwanamume halazimiki kukumbuka kila kitu. Lambert alimshukuru kimoyomoyo. Huyu ndiye mwanamume mwenzake.

Murielle hakutaka kusikia. Akasema hakuna atakayeinuka kwenye kiti mpaka ukweli utolewe, na atakayeutoa, yeye mwenyewe atahakikisha anasamehewa.

"Papa Elisée," Brigitte alisema polepole, akimwita kwa jina la mtoto wao, "kama yupo, sema yupo. Mimi siondoki."

Lambert alikuwa ameikalia mikono yake, na vidole vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Aliwaona watu wawili mbele yake. Mmoja ni mzinzi aliyetubu, ambaye kanisa humpokea kwa vigelegele. Mwingine ni jitu lenye viganja vya mtoto, ambalo kitabu cha nyimbo hakina hata ubeti mmoja kwa ajili yake.

"Yupo," akasema.

Murielle akataka jina. Lambert akamtajia Héritière, kwa kuwa ndilo jina lililoandikwa juu ya saluni inayotazamana na roboti, yaani taa za barabarani, ya karibu na kwao. Kwenye roboti hiyo husimama kila asubuhi akingoja taa ya kijani, na hajawahi hata kuchungulia ndani. Aliona aibu kwa dhambi ambayo hakuitenda, na aibu kubwa zaidi kwa jinsi alivyoona ni nafuu kuibeba.

Firmin akasema kwa haraka kwamba basi, yamekwisha, tufunge kwa sala.

Hakuna aliyeinamisha kichwa. Lambert alifumba macho akingoja kofi. Badala yake mkono wa Brigitte ulitua begani mwake, laini, na mwanamke akaanza kulia kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Alisema hakujua kwamba ameolewa na mtu jasiri kiasi hiki. Alisema yeye asingeweza kamwe kuwa wa kwanza kusema.

Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akageukia upande wa pili wa meza.

"Parrain," akasema, "mwenzetu ameshasema. Sasa na sisi tuseme."